Jioni ya Mtu Mkimya

Miongoni mwa maswali wanayouliza watu wanaoitafuta njia ya haki katika nchi ya juu ya Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, liko moja ambalo kwa desturi haliulizwi mbele ya watu. Muulizaji hungoja mkutano umalizike na wengine watawanyike, kisha husogea karibu na kunena kwa sauti ndogo. Husema kwamba amesadiki Umoja wa Mwenyezi Mungu, na hoja za kufika kwa Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) zimemtosheleza, lakini yeye kwa tabia ni mtu wa kimya. Mazungumzo mengi humchosha kuliko jembe. Ikifika jioni hutamani kukaa peke yake. Je, dini hii yenye sala za jamaa mara tano kwa siku, yenye mikutano, na yenye amri ya kuwafikishia watu ujumbe, ina nafasi kwa mtu wa namna yake? Au itambidi kwanza ajigeuze awe mtu mwingine?

Swali hili si dogo. Wako waliolidharau, wakamjibu muulizaji kwa haraka kwamba imani ikiingia moyoni atachangamka tu. Naye akaenda zake, asirudi tena. Na wako waliokwisha kuingia katika Jumuiya ambao kila jioni hujiona wana hatia, kwa kuwa wakikaa barazani na watu nyoyo zao hutamani kuondoka, na wakiondoka nyoyo zao huwashitaki. Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wao, makala hii imeandikwa kwa ajili yako.

Kwanza tueleze ni mtu gani tunayemsema. Hatumsemi mwenye chuki na watu, wala mwenye kununa. Twamsema yule ambaye nguvu zake hupungua akiwa katika kundi na humrudia akiwa peke yake, kama vile mwenzake nguvu humrudia akiwa katika kundi. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameliandika sana jambo hili, hasa tangu Carl Gustav Jung wa Uswisi alipotoa mwaka 1921 kitabu chake juu ya aina za watu, ambamo aliwagawa katika wale ambao nafsi zao huelekea ndani na wale ambao nafsi zao huelekea nje. (Bwana huyo alifika hata Afrika Mashariki mwaka 1925, akakaa na wenyeji wa Mlima Elgon na kuwauliza habari za ndoto zao.) Sisi hatuhitaji kungoja elimu ya Ulaya ili tuamini kwamba Muumba hakuwafinyanga watu wote kwa kalibu moja. Nabii Musa (a.s.), alipoamriwa kwenda kwa Firauni, alimweleza Mola wake kwamba kifua chake hubanwa na ulimi wake haufunguki vema, akaomba Haruni apelekewe ujumbe pia (26:14). Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa neno hilo. Alimkubalia ombi lake, akampa Haruni awe msaidizi wake.

Tazama pia habari ya Hadhrat Uthmani (r.a.). Siku moja Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa amejipumzisha nyumbani kwake, na Hadhrat Abubakari (r.a.) akabisha hodi, kisha Hadhrat Umari (r.a.), naye akawaruhusu kuingia pasipo kubadili hali aliyokuwa nayo. Alipobisha Hadhrat Uthmani, Mtume (s.a.w.) aliketi vizuri na kujirekebisha mavazi yake. Bibi Aisha (r.a.) akamwuliza sababu. Akajibu kwamba Uthmani ni mtu mwenye haya, na alihofu kuwa kama angemkaribisha katika hali ile angeshindwa kueleza haja yake. Angalia, ndugu yangu, jinsi Mtukufu huyo alivyojisumbua mwenyewe ili mtu mwenye haya apate wepesi wa kusema. Hakumwambia Uthmani awe kama Umari. Na mtu huyo mwenye haya ndiye aliyekuja kuwa Khalifa wa tatu wa Uislamu.

Hata Mtume Mtukufu (s.a.w.) mwenyewe, kabla hajapewa Utume, alipendezewa upweke. Alikuwa akichukua chakula chake na kupanda pangoni Hira, akakaa huko siku kadhaa katika ibada, kisha hushuka kwa Bibi Khadija (r.a.) kuchukua chakula kingine. Maneno haya mawili, kupanda na kushuka, yafaa yawekwe pamoja, kwani wengi huyatenga. Mwenye kupenda mazungumzo husahau kwamba Mtume alipanda, na mwenye kupenda upweke husahau kwamba alishuka.

Sasa tuje kwa Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), aliyezaliwa Qadian mwaka 1835. Kama yupo mtu katika zama hizi za mwisho aliyejua maana ya kuchoshwa na kelele za watu, ni yeye. Baba yake alimtuma mahakamani kwa ajili ya kesi za mashamba, naye alikwenda kwa utii tu. Tangu mwaka 1864 hadi 1868 alifanya kazi ya ukarani huko Sialkot. Na walioishi karibu naye walishuhudia kwamba alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja nyumbani, akafunga mlango, akasoma Kurani Tukufu. Baba yake alikuwa akisema kuwa mwenye kumtafuta mwanawe huyo amwangalie msikitini. Mwaka 1886 alikwenda Hoshiarpur, akakaa siku 40 katika chumba cha juu kwa maombi, na wenzake waliofuatana naye walikuwa wameagizwa wasimsemeshe isipokuwa yeye aanze.

Lakini mwaka 1889, huko Ludhiana, aliamriwa kupokea Baiat za watu, na tangu hapo nyumba yake ikawa njia ya wageni. Je, alifanyaje? Hili ndilo ninalotaka ulizingatie sana, maana kwa maoni yangu ndani yake mna jawabu zima la muulizaji wetu. Baada ya sala ya Magharibi alikuwa akiketi pamoja na masahaba wake katika Msikiti Mubarak, akiwasikiliza na kuwajibu, mpaka wakati wa Isha. Baada ya Isha aliingia ndani. Na mwaka 1903 alijitengea nyumbani mwake chumba kidogo cha maombi, kinachojulikana kwa jina la Baitud-Dua, yaani Nyumba ya Maombi. Hakuwakimbia watu, wala hakuwaachia wamwingilie katika kila saa yake. Aliiwekea jioni yake mpaka.

Ndugu msomaji, huenda ukasema kwamba Qadian ni mbali, na Kasulu ni Kasulu. Ni kweli. Basi na tuitazame Kasulu.

Wazee wa Kiha wanakumbuka kwamba zamani watu wa nchi hii waliishi mbalimbali vilimani, kila mji ndani ya migomba yake, na baina ya moshi wa nyumba moja na moshi wa nyumba nyingine palikuwa na mwendo. Mtu mkimya wa zama hizo hakuwa na haja ya kutafuta faragha. Faragha ilikuwa imemzunguka. Mwaka 1972 ilipoanza operesheni ya vijiji mkoani Kigoma, watu waliletwa pamoja kandokando ya barabara, wapate shule, zahanati na maji. Faida zake zilikuwapo na hatuzikatai. Lakini tangu hapo jioni ya mtu mmoja ikawa jioni ya majirani wote. Kisha zikaja redio, kisha simu za mkononi, na sasa katika miji ya Kasulu na Kibondo yako mabaa yenye vipaza sauti ambavyo havijui Isha wala Alfajiri. Na waliofika kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo, au kambini Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya waliotoka Burundi, wao walijua zaidi ya sote maana ya kulala mahali ambapo kikohozi cha jirani husikika kama kiko kitandani mwako.

Si ajabu kwamba wanaume wengine wa Kibondo wenye tabia ya kimya hupenda kazi ya nyuki. Huingia katika misitu ya miyombo, hutundika mizinga yao, na huweza kukaa huko siku kadhaa bila mtu kuwauliza wanafikiri nini. Ni kazi ya halali na asali yao ina sifa njema. Ila msitu si wa kila mtu, wala si wa kila siku.

Iko taabu nyingine, nayo ni nzito kuliko kelele. Kijijini jioni ndio wakati wa kuonana, na kwa wanaume wengi mahali pa kuonana ni kwenye pombe ya ndizi. Mtu akisilimu huacha pombe, na akiacha pombe huacha na kikao chake. Kama ni mchangamfu atatafuta kikao kingine upesi. Kama ni mkimya atabaki nyumbani, na baada ya mwezi mmoja yatasemwa maneno: kwamba dini mpya imemtia kiburi, kwamba ana lake moyoni, na baya kuliko yote, kwamba mtu asiyesema na watu usiku huenda anasema na visivyo watu. Sote twajua tuhuma ya uchawi imefanya nini katika nchi yetu, na ni nani hushukiwa kwanza: mzee, mjane, na mtu mkimya. Husema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi naona methali hiyo imetumika vibaya mara nyingi kuliko ilivyotumika vizuri. Kurani Tukufu imewakataza waaminio kufuata dhana nyingi, na imesema kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, kisha ikakataza kupeleleza (49:13). Basi mwenye kuongozwa na Kurani hana ruhusa ya kukifanya kimya cha jirani yake kuwa ushahidi.

Lakini nawe mkimya unalo la kufanya. Kabla ya kujitenga, toa haki ya watu. Salamu za Kiha ni ndefu, zina makofi na zina kuulizana habari za nyumba nzima, usizikate. Mtu ambaye kabla ya jua kuzama amepita kwa majirani wawili na kuwaamkia kwa ukamilifu, amekwisha kuzima maneno mengi, wala haikumchukua nusu saa. Nenda mazishini. Nenda kwenye kuezeka nyumba na kuvuna maharage. Huko kazi hufanya sehemu kubwa ya mazungumzo, na mtu mkimya huwa sawa na wengine. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba mwaminio anayechanganyika na watu na kuvumilia udhia wao ni bora kuliko asiyechanganyika nao wala kuvumilia udhia wao. Wala Uislamu haukuweka utawa. Kurani Tukufu yasema kuwa huo waliuzua wenyewe waliokuwa kabla yetu (57:28). Hata itikafu, ambayo ni faragha kubwa tuliyopewa, hufanywa msikitini, katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, kisha mtu hutoka siku ya Idi akakumbatiana na watu.

Sasa jioni yenyewe. Katika Kasulu na Kibondo jua huzama karibu na saa moja, likichelewa zaidi ya nusu saa kuliko Dar es Salaam. (Kwa hiyo asikudanganye mtu ukafuturu au kusali Magharibi kwa kusikia adhana ya Dar es Salaam redioni, angalia jua lako.) Baina ya Magharibi na Isha kuna kadiri ya saa moja na dakika chache. Muda huu wape watu, kama alivyowapa Seyidna Ahmad (a.s.). Kaa msikitini kama upo karibu. Na pasipo msikiti, wakusanye watu wa nyumbani mwako. Si lazima uwe msemaji. Wako wasemaji wa kutosha, na kikao kisicho na msikilizaji ni ghasia tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji katika mkoa huu huu wa Kigoma, alikuwa mbashiri, mshairi, Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria kabla ya kufariki mwaka 1964. Mtu wa mimbari na wa baraza. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini Mungu hakuamuru watu wote wawe Amri Abedi.

Baada ya Isha mambo hugeuka. Imepokewa kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake, isipokuwa kwa jambo lenye maana. Ndugu msomaji, fahamu vema hukumu hii. Lile ambalo wewe ulidhani ni udhaifu wako, yaani kutaka watu wanyamaze usiku, limo ndani ya mwenendo wa Mtume wako. Ukiaga baada ya Isha huna haja ya kutoa udhuru. Wanaotaka kuendelea na porojo hadi usiku wa manane ndio wanaohitaji udhuru. Na kikao cha siku hizi kimeingia ndani ya simu. Mtu ameaga barazani, amefunga mlango, kisha amelala na watu 200 kiganjani mwake, wakibishana mpira na siasa mpaka saa sita. Huyo hajapata faragha wala hajapata watu. Simu iwekwe mbali na kitanda pale Isha inapokwisha kusaliwa. Mwenye mgonjwa au msafiri wa kumngoja ataelewa mwenyewe.

Nyumbani, Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliugawa wakati wake mafungu matatu: fungu la Mwenyezi Mungu, fungu la watu wa nyumbani mwake, na fungu la nafsi yake. Nataka nikae kidogo katika fungu la pili, maana hapo ndipo wanaume wakimya wanapokosea. Hurudi kutoka shambani au dukani wakiwa wamechoka na maneno ya watu, na mke ambaye ameshinda na watoto akingoja kusema na mtu mzima hupata mabaki ya kimya chao. Mke huyo hakuolewa na ukuta. Robo saa ya kumsikiliza kwa macho na masikio, mkila maharage au mkiota moto katika baridi ya Juni na Julai, ni haki yake, nawe utapewa thawabu kwayo. Mwambie pia wazi kwamba baada ya hapo wahitaji kukaa kimya kidogo, na kwamba kimya hicho si hasira juu yake. Nyumba nyingi zingesalimika kwa sentensi hiyo moja.

Na ikiwa mkimya ni mke? Hapa taabu ni kubwa zaidi, wala sioni sababu ya kuificha. Mwanamke wa nchi hii hurudi shambani na kuni kichwani na mtoto mgongoni, huteka maji, hubandika maharage ambayo hayaivi upesi, na mpaka wote walale yeye yungali amesimama. Ni lini atapata saa yake? Bibi Fatima (r.a.), binti wa Mtume, alikuwa na mikono iliyochubuka kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (s.a.w.) alimwendea usiku, yeye na Hadhrat Ali (r.a.) wakiwa wamekwisha kulala, akawafundisha kwamba waingiapo kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34, na kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Kwa hiyo dada yangu, hazina hii haihitaji chumba wala taa, na hakuna mtoto awezaye kukunyang'anya. Lakini mwanamume asiisome habari hii kama ruhusa ya kukaa akitazama. Bibi Aisha (r.a.) alieleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya kazi za nyumbani pamoja na watu wake. Mume amchukue mtoto baada ya chakula, nusu saa tu, mkewe apate kusali Isha yake kwa utulivu na kukaa juu ya msala bila kuvutwa nguo.

Kisha lile fungu lako. Wengine watasoma Kurani Tukufu ukurasa mmoja, polepole, pamoja na maana yake. Kwa aliyeingia karibuni katika Uislamu hapana bora kuliko hili, kwani mchana hupati utulivu wa kujifunza herufi mpya. Wengine watafanya istighfari, wakiipitia siku yao na kuona ni wapi walimwudhi mtu. Kama jirani amekutia uchungu, msamehe kabla ya kulala. Mtu mchangamfu uchungu wake hutoka kwa mdomo na kumalizika. Mtu mkimya huubeba, akautazama kila usiku upande huu na upande huu, mpaka faragha yake ikawa kiwanda cha chuki. Hii ndiyo hatari kubwa ya upweke, nayo haitoki nje. Kurani Tukufu imesema kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu (13:29). Haikusema kwamba zitatulia kwa kuwa peke yake tu.

Kabla ya kulala Mtume (s.a.w.) aliagiza milango ifungwe, vyombo vifunikwe, na moto na taa vizimwe, na nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku pamoja na watu wake, aliwaambia kwamba moto ni adui yao. Watu wa Kibondo walishike sana agizo hili. Katika miezi ya baridi wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, na mtu hulala asiamke. Koroboi nayo isiachwe ikiwaka karibu na chandarua. Kisha tawadha, lala kwa ubavu wa kulia, kusanya viganja vyako, soma Sura tatu za mwisho za Kurani, pulizia viganjani na ujipanguse mwilini. Mtume (s.a.w.) alifanya hivyo mara tatu kila usiku. Usingizi, kama ilivyoelezwa katika Sura An-Nabaa, umewekwa uwe mapumziko, na usiku umewekwa uwe vazi (78:10-11). Vazi humfunika mtu asionekane. Nani ahitajiye vazi hilo kuliko yule ambaye mchana kutwa macho ya watu yamemchosha?

Na alalaye mapema huweza kuamka mapema. Saa kumi za usiku hata mabaa ya Kasulu yamenyamaza. Sura Al-Muzzammil yaeleza kwamba kuamka usiku kuna nguvu zaidi katika kuitiisha nafsi na kunafaa zaidi kwa usemi, na sababu yatajwa hapo hapo: mchana una shughuli ndefu (73:7-8). Mkimya asali Tahajudi, hata rakaa mbili au nne, akiomba katika kusujudu kwa lugha yake, kwa Kiha kama Kiha ndiyo lugha ya moyo wake. Huko hakuna atakayemwuliza kwa nini hasemi. Wengi wao hugundua kwamba wana maneno mengi kuliko walivyojua.

Ni lazima niongeze neno kwa wale ambao usiku kwao ni mateso. Kimya cha tabia ni kitu kimoja na huzuni iliyozidi ni kitu kingine. Aliyekimbia vita, aliyezika watoto, aliyeona kwa macho yake yasiyosemeka, huenda akikaa peke yake picha zile humrudia na usingizi humkimbia wiki baada ya wiki. Chakula hakimpiti, na uhai wenyewe humchukiza. Huyo asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Asiachwe peke yake jioni, na apelekwe kwa mganga wa hospitali kama apelekwavyo mwenye homa, kwani Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Dua na dawa haziudhiani.

Limebaki swali la Tabligh, ambalo ndilo lililomtisha muulizaji wetu tangu mwanzo. Amri ya kufikisha ujumbe haikumtaka kila mtu apande jukwaani sokoni Kasulu. Atafute Haruni wake: ndugu mmoja mwenye ulimi mwepesi, wafuatane, huyo aseme na yeye alete kitabu, akumbuke aya, na abaki nyuma na yule msikilizaji mmoja ambaye naye hungoja watu watawanyike ili aulize kwa sauti ndogo. Nani atamfahamu msikilizaji huyo kuliko yeye? Mwenye kuona taabu ya kumsemesha mwalimu uso kwa uso na amwandikie barua. Na mwenye haja ya dua amwandikie Khalifa, kama wafanyavyo Waahmadiyya wa kila nchi, wakimya na wasemaji. Mwengine aanze na jirani mmoja, jioni moja kila wiki, kabla ya jua kuzama. Na siku ambayo hana la kusema wapukuchue mahindi pamoja, kisha aage aende kusali Magharibi.